Klorokwini, Takwimu na Uhuru wa Mtafiti

Mzazi yeyote wa Unguja aliyelea watoto kabla ya mwaka 2003 anaikumbuka klorokwini: uchungu wake ulimini, na muwasho uliomnyima mtu usingizi. Yote hayo yalivumiliwa kwa imani kwamba homa itashuka. Kwa watoto wengi ilishuka kweli, kisha ikarudi. Watafiti walipowafuatilia wagonjwa wa malaria Zanzibar kwa siku 14, walikuta dawa hiyo imeshindwa kwa takriban asilimia 60.

Takwimu hiyo haikuwa nyepesi kutamkwa. Klorokwini ndiyo iliyokuwa dawa rasmi ya Serikali, ya bei nafuu, iliyotolewa kuanzia Mnazi Mmoja, pembezoni mwa Mji Mkongwe, hadi vituo vya mashamba. Kusema imeshindwa kulikuwa sawa na kuiambia Wizara kwamba inawapa watoto kitu kisichowaponya. Ingekuwa rahisi kuagiza utafiti mwingine, au kulifungia jalada kabatini. Badala yake, Novemba 2001 Wizara iliamua kubadili dawa. Madaktari wa Zanzibar, wakishirikiana na Taasisi ya Karolinska ya Sweden, walipima aina mbili za dawa mseto kwa watoto wa chini ya miaka mitano huko Kivunge, Unguja, na Micheweni, Pemba. Na Septemba 2003 mseto wa artesuneti na amodiakwini ukaanza kutumika.

Katika Wilaya ya Kaskazini A, ilipo Kivunge, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 52 kati ya mwaka 2002 na 2005. Kwa wenye umri wa mwaka mmoja hadi minne, kwa asilimia 71. Si haki kuipa dawa sifa yote, maana afya ya mtoto ina mambo mengi. Hata hivyo, ni vigumu kuamini kwamba klorokwini ingefika huko.

Tanzania Bara inao mfano wa upande wa pili. Desemba 2016, Dkt. Mwele Malecela, Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, alitangaza kwamba utafiti umebaini maambukizi ya virusi vya Zika nchini. Wizara ikasema hakuna mlipuko. Katika siku hizo hizo Rais Magufuli akatengua uteuzi wake. Kitaalamu, kauli zote mbili zingeweza kuwa za kweli: kukuta maambukizi katika damu za watu si sawa na kuwapo kwa mlipuko. Wananchi walihitaji kuelezwa tofauti hiyo kwa utulivu, na mtu aliyefaa kuieleza alikuwa ameshaondolewa.

Mwaka 2018, marekebisho ya Sheria ya Takwimu yalifanya kuwa kosa la jinai kuchapisha takwimu zinazopotosha au kukanusha zile rasmi. Benki ya Dunia ilieleza wasiwasi wake, na Juni 2019 Bunge likaifanyia sheria hiyo marekebisho mengine na kuyaondoa makali hayo. Lau watafiti wa klorokwini wangefanya kazi chini ya sheria ya namna ile, ile asilimia 60 ingetamkwa na nani?

Azimio la Dar es Salaam la mwaka 1990 lilikwishaweka uhuru wa kitaaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii katika waraka mmoja. Mgonjwa anayeombwa tone la damu kwa ajili ya utafiti ana haki ya kukataa bila kunyimwa tiba. Kamati ya maadili ipo kumlinda yeye. Haipo kuikinga ofisi yoyote na habari mbaya. Na aliyekubali, anastahili kujua kilichopatikana, hata kikiwa kichungu.

Hoja hii haijapitwa na wakati. Vimelea vyenye usugu kwa dawa za jamii ya artemisini, ambazo ndizo msingi wa dawa mseto, vimeshaonekana Rwanda, Uganda na mkoani Kagera, na boti za abiria huingia Bandari ya Malindi kila siku. Huenda wa kwanza kuubaini usugu huo Unguja asiwe profesa, bali muuguzi wa kituo kidogo, anayeandika jina la mtoto yule yule katika rejesta kwa mara ya pili ndani ya mwezi mmoja.