Filmfare na Sauti ya Nyuma ya Pazia

Filmfare ni tuzo zinazotolewa kila mwaka nchini India kwa filamu za lugha ya Kihindi, na katika sherehe kubwa za sinema hiyo ndizo kongwe. Zilianzishwa na jarida la sinema lenye jina hilohilo. Sherehe ya kwanza ilifanyika tarehe 21 Machi 1954 katika jumba la Metro mjini Bombay, ambao siku hizi ni Mumbai. Wakati huo ziliitwa Clare, jina la mhakiki wa filamu wa gazeti la Times of India, Clare Mendonca. Tuzo zilikuwa tano tu. Do Bigha Zamin ilishinda filamu bora na Bimal Roy, aliyeiongoza, akawa mwongozaji bora. Dilip Kumar na Meena Kumari wakapata za waigizaji, na Naushad akapata ya muziki. Leo tuzo ni nyingi mno, na mshindi hukabidhiwa sanamu ya mwanamke aliyeinua mikono kama anayecheza ngoma.

Hukumu ya Filmfare na hukumu ya watazamaji si lazima zifuatane. Mfano ulio wazi ni Sholay ya mwaka 1975, filamu ambayo mmoja wa mastelingi wake wawili hufa na adui wao hukumbukwa kuliko wote. Iliteuliwa kwa tuzo chungu nzima, lakini katika sherehe za 1976 ilipata moja tu, ya uhariri, iliyokwenda kwa M. S. Shinde. Amjad Khan, aliyekuwa jambazi Gabbar Singh, aliondoka mikono mitupu. Filamu bora ikawa Deewaar. Filmfare yenyewe ilikuja kulirekebisha jambo hilo mwaka 2005, ilipoitaja Sholay kuwa filamu bora ya miaka 50. Kuchelewa huko kulikuwa kwa miaka 29.

Lakini kisa kinachoeleza vizuri zaidi jinsi tuzo hizi zilivyo ni cha waimbaji. Katika sinema ya Kihindi, wimbo ukifika, kwa kawaida mwigizaji huchezesha midomo tu. Anayeimba ni mtu mwingine, nyuma ya pazia. Kwa miaka mitano ya mwanzo Filmfare ilimtuza mtunzi wa muziki na kumsahau mwenye sauti. Mwimbaji Lata Mangeshkar alipoombwa aimbe kwenye sherehe za 1957, alikataa: kama hakuna tuzo ya mwimbaji, basi na wimbo usiwepo. Tuzo hiyo ikaanzishwa mwaka 1959, na wa kwanza kuitwaa akawa Lata mwenyewe, kwa wimbo wa filamu ya Madhumati. Wanaume na wanawake waliigombea pamoja hadi ilipogawanywa mnamo 1968.

Habari hiyo ya sauti isiyo na uso inaeleweka upesi Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya. Huko, kama ilivyo Wajir na Mandera, filamu za Kihindi hutazamwa sana zikiwa zimetiwa sauti ya Kisomali. Wenyewe huziita hindi af Soomaali. Shah Rukh Khan, mwenye tuzo nane za mwigizaji bora sawa na Dilip Kumar, huongea Kisomali fasaha na kutania kwa misemo ya Kisomali. Mtia sauti hatafsiri neno kwa neno. Huhamisha matusi, mahaba na heshima za wakwe mpaka zisikike kama za jirani. Kazi yake haipunguzwi na maneno ya Kiarabu yaliyoenea pande zote: kitab na waqt za Kihindi ni kitaab na waqti kwa Msomali, na kitabu na wakati kwa Mswahili.

Filmfare ina tuzo ya mazungumzo bora, lakini hutolewa kwa mwandishi wa maneno ya Kihindi. Maneno yanayochekesha sebule ya Garissa hayafiki mbele ya jopo lolote India. Hata IIFA, sherehe nyingine ya filamu za Kihindi iliyoanza London mwaka 2000 na kuzunguka dunia tangu hapo, barani Afrika imepokelewa na nchi moja tu: ilifanyika Sun City mwaka 2001 na Johannesburg mwaka 2003, zote za Afrika Kusini.

Nyimbo zina njia yake. Mombasa, mwimbaji wa taarabu Juma Bhalo alizichukua tuni za filamu za Kihindi akaziimbia mashairi ya Kiswahili, na taarabu hiyo ikawa na wapenzi wake Pwani nzima. Kwenye filamu zilizotiwa Kisomali mara nyingi mtia sauti hunyamaza muziki unapoanza, wimbo ukapita kama ulivyorekodiwa. Waigizaji wamefunikwa sauti zao tangu mwanzo, wenye sanamu na wasio nazo. Anayesikika kwa koo lake mwenyewe huko kaskazini mashariki ni yule mwimbaji wa nyuma ya pazia, ambaye Filmfare ilichukua miaka mitano kumkumbuka.