Kompyuta ya Zamani Isipoiona Draivu Mpya ya DVD

Kabati nyingi za parokia zetu, kuanzia Mwadui na Kahama hadi Katoro na Geita mjini, bado zina CD na DVD. Humo kuna nyimbo za kwaya, misa za upadirisho, jubilei za masista, mazishi ya katekista aliyefundisha kijiji kizima. Mara nyingi hakuna nakala nyingine. Na CD zilizochomwa vibandani hazidumu milele: rangi inayobeba kumbukumbu hufifia, hasa zikikaa kwenye joto na mwanga.

Kompyuta mpya nyingi hazina tena mlango wa CD. Kwa hiyo tunarudi kwenye ile ya zamani iliyoko ofisini, na kuifungia draivu ya DVD tuliyonunua au kuitoa kwenye kompyuta iliyokufa. Tunawasha, na draivu haionekani. Kabla ya kuitupa au kumlipa fundi, tukague kwa ngazi: umeme, waya wa data, BIOS, kisha Windows. Ngazi ya chini ikiwa na kasoro, ya juu haiwezi kuiponya.

Ngazi ya kwanza: umeme

Zima kompyuta na uchomoe waya wa ukutani. Wakati wa kiangazi hewa ya kwetu huwa kavu, na umeme tuli hujikusanya mwilini. Shika chuma cha kasha kwanza kabla ya kugusa kitu chochote ndani. Ondoa vumbi kwa brashi laini iliyo kavu.

Sasa funga waya wa umeme wa draivu, washa, na ubonyeze kitufe cha mbele. Trei isipotoka, umeme haufiki: jaribu waya mwingine kutoka kwenye pawa saplai. Trei ikitoka, tumejua jambo moja tu, kwamba umeme upo. Wengi hukosea hapa wakidhani kila kitu kimeunganika. Trei hufunguka hata kama waya wa data haujaguswa kabisa.

Ngazi ya pili: waya wa data

Draivu za zamani ni za aina mbili. Aina ya IDE hutumia waya mpana, bapa, wenye matundu 40. Aina ya SATA, iliyoanza kuenea baada ya 2003, hutumia waya mwembamba wenye migusano 7. Aina hizi haziingiliani, basi angalia mazabodi yako ina tundu la aina gani kabla ya kununua.

Kwa SATA kazi ni fupi: kila kifaa kina waya wake. Sukuma hadi mwisho, na ukishindwa, badilisha waya au tundu.

Kwa IDE kuna mambo mawili. Kwanza, upande wa waya wenye mstari mwekundu ukae kwenye pini namba 1, ambayo kwa draivu za CD na DVD kawaida iko upande wa tundu la umeme. Pili, waya mmoja hubeba vifaa viwili, na kila kimoja lazima kijue nafasi yake. Nyuma ya draivu kuna kijipande kidogo cha plastiki kiitwacho jampa, na herufi MA, SL na CS. Diski kuu ikiwa kwenye waya huohuo na imewekwa MA, draivu ya DVD iwekwe SL. Vyote viwili vikiwa MA, vitagombana, na huenda kompyuta isiwake hata kwenye Windows.

Ngazi ya tatu: BIOS

BIOS ni programu ndogo inayoamka kabla ya Windows na kuhesabu vifaa. Ili kuifungua, bonyeza kitufe chake mara tu kompyuta inapowaka: Dell ni F2, HP nyingi za zamani ni F10, nyingine ni Delete. Tafuta orodha ya draivu.

Katika Dell OptiPlex nyingi za miaka ya 2000, tundu la SATA lisilotumika huwa limezimwa humo. Liwashe, hifadhi, anza upya. Ikiwa mipangilio inapotea kila umeme unapokatika na saa inarudi nyuma miaka mingi, betri ya mazabodi imekwisha. Kwa kawaida ni CR2032 ya volti 3, mviringo kama sarafu, ibadilishe.

Kanuni ya kushika ni hii: BIOS isipoiona draivu, usihangaike na Windows, rudi kwenye nyaya. BIOS ikiiona, funga kasha, kwani nyaya ziko sawa.

Ngazi ya nne: Windows

Fungua Device Manager. Draivu ikiwa na alama ya njano na namba 19 au 39, mara nyingi kosa limeachwa na programu ya zamani ya kuchoma CD. Fungua regedit, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE, SYSTEM, CurrentControlSet, Control, Class, kisha fungu linaloanza na 4D36E965. Lihifadhi kwanza kwa Export. Halafu futa UpperFilters na LowerFilters, na uwashe kompyuta upya. Usiguse kitu kingine humo.

Ikiwa hakuna alama ya njano lakini draivu haina herufi, ipe herufi kupitia Disk Management.

Ikishaonekana

Draivu ikionekana lakini haisomi, angalia maandishi ya mbele: draivu ya CD pekee haiwezi kusoma DVD. Kama inafaa, futa CD kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, wala si kwa kuzungusha.

Kisha nakili mara moja. CD hubeba takriban MB 700, na DVD ya kawaida GB 4.7, kwa hiyo flashi ya GB 32 hubeba DVD sita zilizojaa. Weka nakala mbili katika sehemu mbili tofauti, na kila faili lipewe jina la tukio, kigango na mwaka. Tuanze na zile ambazo waimbaji wake wametangulia mbele ya haki, kwa maana hizo hatuwezi kuzirekodi tena.