Fahamu: Uzamili wa sayansi ya bahari Zanzibar
Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1978, hufundisha uzamili na uzamivu. Ratiba ya utafiti hupangwa na bamvua: maji yakitoka, mwanafunzi hulaza fremu ya mraba juu ya nyasi bahari na kuhesabu mashina kabla maji hayajajaa.

Mada za utafiti hazikosekani: mwani wa kotonii, aina inayolimwa baharini, hufa maji yanapopata joto kupita kiasi, na wakulima wake wengi ni wanawake. Suala hilo pekee linastahili tasnifu nyingi.

Kikwazo kikubwa ni fedha za boti, mafuta na maabara. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi yenye makao Zanzibar, hutoa ruzuku kwa ushindani. Afadhali mwombaji atafute msimamizi mapema, kisha aandike pendekezo lenye swali moja linalopimika.