Usaili wa mtandaoni na vijana tunaowapima kwa sura

Mwaka 2017 jarida la Scientific Reports lilichapisha utafiti ulioongozwa na Noah Sasson wa Chuo Kikuu cha Texas, Dallas. Watu wasio na usonji walionyeshwa vipande vifupi vya video za watu wenye usonji wakijieleza. Sekunde chache tu ziliwatosha kuonyesha hamu ndogo ya kushirikiana na watu hao, kuliko na wasio na usonji. Walipopewa maneno yaleyale yakiwa yameandikwa, bila sura wala sauti, ubaguzi ule haukuonekana tena.

Sasa fikiria usaili wa kazi unaofanyika kwa video. Tangu janga la UVIKO-19, mashirika na kampuni nyingi zimezoea kuwasaili vijana kwa Zoom, Google Meet au Teams. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho mwenye usonji, mwenye disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika), au yule ambaye umakini wake huhamahama, anakutana na jopo linalomwona kuanzia mabegani kwenda juu, kwa nusu saa. Na ushauri anaopewa chuoni ni uleule: watazame wasaili machoni, tabasamu, changamka. Kijana huyu humaliza nguvu zake zote kuutawala uso, na swali linapokuja hana tena za kulijibia.

Mimi nasema ushauri huo tuuache. Kwenye video hakuna anayemtazama mwenzake machoni. Anayeonekana kutazama anatazama kitundu cha kamera. Kwa mtu anayeumizwa na macho ya watu, hiyo ni nafuu kubwa. Bandika karatasi ndogo kando ya kamera, mwambie aongee na karatasi hiyo. Mfundishe kuificha picha yake mwenyewe kwenye skrini ili asijikague badala ya kusikiliza. Kama mikono yake hutulia ikishika kitu, ashike kitambaa au jiwe chini ya meza. Hakuna atakayeona, na hata wakiona, ubaya uko wapi?

Kazi kubwa ya maandalizi iko kwenye maswali. Tuseme kijana anamaliza shahada ya takwimu, na jopo linaanza: “Tueleze kuhusu wewe.” Anaweza kuanzia kijiji alichozaliwa, apitie shule ya msingi, na dakika tano zikaisha hajafika chuoni. Au atanyamaza, kwa sababu hajui ni sehemu gani ya maisha yake inayotakiwa. Jopo litaandika kwamba hajiamini. Badala yake, jopo limuulize hivi: “Tueleze kazi moja ya takwimu uliyoifanya chuoni, programu uliyotumia na ulichogundua.” Hapo ataeleza namna alivyosafisha data, safu gani ilikuwa na makosa na alijuaje kwamba ni makosa. Katie Maras na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, waliyapima maswali yaliyonyooshwa namna hii katika utafiti uliochapishwa 2021. Majibu ya watu wenye usonji yaliboreka, na ya wasio na usonji vilevile.

Kwa hiyo mhadhiri au mzazi anayetaka kusaidia akae na kijana, wachukue maswali yaliyozoeleka, na kila moja waligeuze kuwa swali linaloshikika. Kisha waandae visa vitatu vya kweli: kitu alichokitengeneza, tatizo alilolitatua, na jambo alilojifunza kwa shida. Viandikwe kwa maneno machache na herufi kubwa, vibandikwe ukutani nyuma ya kompyuta. Mwenye disleksia hatahitaji kusoma sentensi ndefu, na anayesahau akibanwa atakuwa na pa kushika.

Mazoezi yafanyike kwa programu ileile ya usaili, kwenye kiti kilekile na spika za masikioni zilezile. Chumba cha hosteli chenye kelele za korido hakifai. Kiombwe chumba cha chuo mapema, pamoja na bando la akiba kwenye simu. Mtandao pia huchelewesha sauti, watu wakaanza kuongea kwa pamoja. Afundishwe sentensi moja ya kumwokoa: “Asante, naomba sekunde chache nifikirie.” Aitamke hadi izoeleke mdomoni.

Je, aseme kwamba ana usonji? Hilo ni lake kuamua, wala asisukumwe na mzazi au chuo. Anaweza kuomba anachohitaji bila kutaja chochote: “Nitashukuru nikipata maswali kabla ya usaili, na kila swali liandikwe pia kwenye sehemu ya ujumbe.” Mwingine atafanya vizuri zaidi akiruhusiwa kuonyesha kazi yake kwenye skrini. Temple Grandin, mtaalamu wa mifugo wa Marekani mwenye usonji, alipata kazi kwa kuwaonyesha watu michoro yake ya mazizi, na ameusimulia ukweli huo mara nyingi.

Lakini kijana hawezi kuubeba mzigo huu peke yake. Kampuni ya maduka ya John Lewis ya Uingereza ilianza kuweka maswali yake ya usaili hadharani kwa waombaji wote. Hapa Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Asilimia hiyo haitafikiwa ikiwa mchujo wenyewe unawaangusha kwa namna wanavyotabasamu.

Ewe mwajiri unayeandaa usaili wiki ijayo, watumie waombaji wote maswali siku moja kabla. Hakuna gharama. Na wewe mhadhiri, tafuta mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho anayekaa peke yake nyuma ya darasa akifanya kazi nzuri, ukamuulize lini mtaanza mazoezi.