Mwalimu mlezi aanze kuaga mapema

Kidato cha nne nchini Tanzania hufanya mtihani wa taifa mwezi Novemba. Matokeo kwa kawaida hutoka Januari, na wanaochaguliwa kidato cha tano huripoti Julai. Katikati hapo kijana anakaa zaidi ya nusu mwaka bila kengele, bila ratiba, bila mwalimu wa kumuuliza. Ndiyo maana nasema kumwachia mwanafunzi si shughuli ya siku ya mahafali. Ni sehemu ya malezi yenyewe, na ianze miezi kadhaa kabla ya mtihani. Mwaka 1976 watafiti Wood, Bruner na Ross walichunguza namna mtu mzima anavyowasaidia watoto wa miaka 3 hadi 5 kujenga piramidi ya vipande vya mbao. Mkufunzi alimwacha mtoto afanye mwenyewe kadiri alivyoweza, akaingilia pale tu alipokwama. Kipimo cha msaada kilikuwa hatua aliyofikia mtoto, na mlezi wa kidato cha nne anahitaji kipimo hichohicho: Machi anaweza kumpangia kijana ratiba ya kujisomea, lakini ifikapo Septemba kijana aipange mwenyewe, mlezi aikague tu.

Wapo watakaosema kwamba wanafunzi wengine hawana mtu mwingine wa kuwashika mkono, na kuwaachia ni kuwatupa. Hoja hii ni nzito, na ushahidi unaiunga mkono kwa kiasi. Grossman na Rhodes, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2002 kuhusu vijana wa Marekani waliopewa walezi wa kujitolea, waliona kwamba uhusiano uliodumu mwaka mmoja au zaidi ulileta manufaa makubwa kuliko mwingine wote, na ule uliovunjika mapema uliwarudisha nyuma baadhi ya vijana. Lakini kinachoumiza hapo ni kukatika ghafla. Kathy Kram, aliyechapisha utafiti kuhusu ulezi kazini mwaka 1983, alionyesha kuwa baada ya hatua ya kutengana huja hatua nyingine, ambapo wawili hao huanza kuhusiana karibu kama watu wa rika moja. Mlezi anayeng'ang'ania humnyima kijana hatua hiyo, hata kama anamng'ang'ania kwa mapenzi ya kweli.

Kwa kijana asiye na mtu, basi, mlezi amkabidhi kwa watu wanaotajika kwa majina: shangazi, fundi wa mtaani, mwanafunzi aliyetangulia. Na mazungumzo kuhusu matokeo mabaya yafanyike Oktoba, wakati bado wanaonana kila siku. Kijana ajue kuwa anaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, ajue chuo cha ufundi cha VETA kilicho karibu kinafundisha nini, na aambiwe waziwazi kwamba Januari, hata akipata sifuri, anaruhusiwa kupiga simu.