Kuhusu Neno "Kiolesura" Katika Matumizi ya Kanzidata

Miongoni mwa maneno yanayowatatiza wafasiri wa maandishi ya kompyuta ni "kiolesura". Neno hili limekwisha kuzoeleka kwa ile sehemu ya programu aionayo mtumiaji kwenye kioo cha kompyuta: vitufe, orodha na madirisha. Lakini wapo wanaolitumia pia pale programu mbili zinapowasiliana zenyewe, pasipo mtu kuona chochote. Tunakusudia kueleza kwa nini matumizi haya ya pili yanapotosha, na mfano wetu ni lugha ya programu iitwayo Haskell.

Haskell, ambayo maelezo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 1990, ilipewa jina la mwanamantiki wa Marekani, Haskell Curry (1900-1982). Ni lugha ya vitendakazi, yaani programu yake hujengwa kwa kanuni zifananazo na za hisabati: kitendakazi kikipewa thamani ile ile hutoa jibu lile lile daima.

Kanzidata haina tabia hiyo. Ukiiuliza leo idadi ya wanafunzi wa shule, kisha ukaiuliza tena kesho, majibu yaweza kutofautiana. Isitoshe, kila kanzidata ina mlango wake: PostgreSQL haifunguliwi kama ifunguliwavyo SQLite. Programu iliyoandikiwa moja ingehitaji kuandikwa upya ili itumie nyingine.

Tatizo la milango mingi si la Haskell peke yake. Mwaka 1992 kampuni ya Microsoft ilitoa ODBC ili kulitatua. Lugha ya Perl ina DBI. Na Haskell ikapata HDBC, iliyofuata mfano wa DBI. HDBC ina sehemu mbili. Ya kwanza ni orodha ya shughuli zilizokubaliwa: kuuliza, kuthibitisha mabadiliko, kuyatangua, na kufunga muungano. Ya pili ni viendeshi, kila kimoja kwa njia yake ya kuifikia kanzidata, vinavyotekeleza shughuli hizo.

Orodha hiyo huheshimu pia tabia ya lugha. Kila shughuli inayogusa kanzidata hutiwa alama ya IO, ili isichanganywe na hesabu tupu. Nazo thamani zitokazo huko, ziwe namba, maneno, tarehe au pengo lisilo na kitu, hubebwa katika aina moja iitwayo SqlValue, kisha hugeuzwa kadiri ya haja.

Je, katika haya yote iko wapi sura ya kutazamwa? Haipo. Ofisi ikiandika katika mkataba kwamba itauziwa "kiolesura cha kanzidata", yaweza kutarajia ukurasa wa kujazia majina, ikaletewa orodha ya shughuli ambayo karani hawezi kuitumia. Hapo utata wa neno moja hugeuka kuwa hasara ya fedha.

Tulilipima neno "kiunganishi", lakini walimu wanalo tayari katika sarufi. "Kipatanishi" nalo lamtaja mtendaji, na mtendaji hapa ni kiendeshi. Kwa hiyo twapendekeza "mapatano ya kanzidata" kwa orodha ya shughuli zilizokubaliwa, "kiendeshi" kwa kinachozitekeleza, na "kiolesura" libaki kwa kile kinachoonekana. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayajaribu maneno haya katika kazi zao, na watuletee maoni.