Kisu, Sindano na Bei ya Mwezi

Kwa miaka mingi sheria ya Marekani ilikuwa na ajabu moja isiyotajwa sana hadharani: mzee aliyetimiza umri wa miaka 65, akawa na unene uliokithiri na kuandamwa na kisukari, aliweza kulazwa hospitali na kupunguzwa mfuko wa chakula kwa gharama ya Medicare, ambayo ni bima ya serikali kwa wazee na ambayo tangu mwaka 2006 imekuwa ikilipia upasuaji huo, lakini mzee huyohuyo akiomba dawa ya kumpunguza uzito pasipo kisu, alijibiwa kwamba sheria ya mwaka 2003 imezuia fedha za bima hiyo zisitumike kwa dawa za namna hiyo. Waliotunga sheria hawakuwa na nia mbaya, kwa maana dawa za kupunguza uzito za zama zile zilikuwa hafifu, na nyingine zilikwisha kuondolewa sokoni kwa kudhuru moyo. Hata hivyo dawa yenye nguvu ilipokuja, katazo lilikuwa lingali pale pale, na mpaka mwezi Novemba 2025 ndipo serikali ilipotangaza mapatano na watengenezaji ya kuufungua mlango huo. Husemwa kwamba kuchagua baina ya kisu na sindano ni shauri la mgonjwa na tabibu wake. Nami naona kwamba aghalabu shauri hilo hukatwa mapema na yule mwenye kulipa.

Tuanze na hesabu. Wegovy, ambayo ni semaglutaidi ya kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark, iliruhusiwa nchini Marekani mwezi Juni 2021 kwa ajili ya kupunguza uzito, na bei yake ya orodha ilikuwa dola 1,349 kwa mwezi. Upasuaji, kwa makisio yanayotajwa mara nyingi huko huko, hugharimu baina ya dola 17,000 na 26,000. Kwa bei hiyo ya orodha, mwenye kujidunga sindano atakuwa amekwisha kutoa thamani ya upasuaji mzima baada ya miezi 13 kwa uchache au 20 kwa wingi, na mwezi wa 21 utamdai sawasawa na ulivyomdai wa kwanza. Hoja hiyo waliishika wapasuaji kwa mikono miwili, na kwa wakati wake ilikuwa madhubuti. Ila bei haikutulia. Katika mwaka 2025 mnunuzi wa Marekani anayelipa taslimu kutoka mfukoni mwake alipunguziwa mpaka dola 499, na kabla mwaka haujaisha mpaka 349; na kwa bei hii ya mwisho itampasa mtu adunge sindano kwa miaka minne, pengine sita na kitu, ndipo afikie gharama ya kisu. Maradhi ni yaleyale na dawa ni ileile, na mizani imepinduka.

Kuhusu kazi yenyewe, majaribio ya semaglutaidi yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionesha kwamba watumiaji walipungua kwa wastani karibu asilimia 15 ya uzito wao katika wiki 68; tirzepataidi ya Eli Lilly, kwa kipimo chake kikubwa, ilifikia karibu asilimia 21 katika wiki 72. Upasuaji huondoa robo ya uzito au zaidi, na sifa yake kubwa ni kudumu: katika uchunguzi maarufu wa Sweden, ulioanza mwaka 1987 na kuwafuata watu 2,010 waliopasuliwa, wastani wa kupungua baada ya miaka 20 ulikuwa ungali asilimia 18, ijapokuwa wengi wao walipasuliwa kwa njia ambazo leo zimekwisha kupitwa na wakati. Waliokatiza semaglutaidi, kwa upande wao, walirudisha thuluthi mbili za uzito waliopoteza baada ya mwaka mmoja.

Kwa tajiri wa dawa, habari hii ni tamu na chungu kwa pamoja. Amepata mteja ambaye, akitaka kubaki alivyo, hana budi kurudi kila mwezi. Lakini mteja huyo ana kichefuchefu, ana bima inayoweza kubadili masharti, ana tajiri wake kazini anayetazama daftari. Jimbo la North Carolina liliacha kulipia sindano za kupunguza uzito kwa wafanyakazi wake tangu Aprili 2024, baada ya gharama kuufikia ukubwa wa dola milioni 100 hivi kwa mwaka, na watu ambao jana walikuwa wagonjwa wenye tiba wakaamka wateja wenye kujitegemea.

Biashara ya kisu ina tabia nyingine kabisa. Katika upasuaji unaofanywa zaidi siku hizi, mpasuaji hutoboa matundu machache madogo, hupitisha mrija kinywani mwa mgonjwa hadi ndani ya mfuko wa chakula uwe kipimo cha upana atakaoubakiza, kisha huingiza mashine ya pini inayobana na kukata kwa mkupuo mmoja, ikiacha safu za pini ndogo za titani kila upande wa mkato. Kila baada ya mbano katriji ya pini hutupwa na nyingine hupachikwa, na mfuko mmoja huweza kula katriji tano au sita kabla robo tatu yake au zaidi haijatolewa, kikabaki kipande chembamba kama ndizi iliyopinda. Kila katriji ni mauzo kwa makampuni kama Johnson & Johnson na Medtronic, ambayo yamejijengea soko kubwa katika pini hizo. Hospitali nayo ina chumba cha upasuaji kinacholiwa na gharama kikiwa tupu, ina mtia usingizi, ina kitanda cha usiku mmoja au miwili. Baada ya hapo mapato hupungua, kwa kuwa mgonjwa hubaki na vitamini za maisha na ziara za kupimwa damu tu. Wapo pia wanaorudi kupasuliwa tena, na hao ndio husahauliwa na kila anayesema kwamba kisu hulipiwa mara moja.

Inafaa kukumbusha kwamba kisu nacho kimewahi kuwa na mitindo ya kupita. Pete ya kubana mfuko wa chakula, Lap-Band, iliruhusiwa Marekani mwaka 2001 na kutangazwa kwa mabango kama njia nyepesi isiyokata kitu. Wagonjwa wengi wakaja kuitoa, na mwaka 2013 kampuni ya Allergan iliiuza biashara hiyo kwa Apollo Endosurgery baada ya mauzo kuporomoka.

Safari hii mporomoko ni wa wapasuaji wote. Uchunguzi wa madai ya bima za binafsi za Wamarekani karibu milioni 17, uliochapishwa mwaka 2024, ulikuta kwamba baina ya nusu ya pili ya mwaka 2022 na nusu ya pili ya 2023 upasuaji ulipungua kwa robo, ilhali sindano ziliongezeka zaidi ya maradufu. Na Intuitive Surgical, wenye roboti za upasuaji za da Vinci, wamewaeleza wenye hisa wao kwamba upasuaji wa unene nchini humo umefifia. Wala asidhani mtu kwamba upande wa pili ni raha tupu. Novo Nordisk, iliyoipita LVMH mwezi Septemba 2023 ikawa kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote Ulaya, ilimwondoa mkuu wake mwaka 2025 na mwezi Septemba ikatangaza kupunguza nafasi za kazi 9,000, huku Eli Lilly ikivuka thamani ya dola trilioni moja miezi miwili baadaye.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili litaingia kwa mlango wa India, ambako hutoka sehemu kubwa ya dawa za maduka yetu, na ambako hataza ya semaglutaidi ilipangiwa kuisha mwezi Machi 2026, viwanda vya huko vikiwa vimekwisha kujitayarisha. Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za jamii hii katika orodha ya dawa muhimu mwezi Septemba 2025, kwa wenye kisukari pamoja na maradhi ya moyo au figo, walio pia na unene. Na mwaka uliotangulia lilikuwa limetoa onyo juu ya semaglutaidi bandia. Kisu nacho kipo: Nairobi hospitali za binafsi zina wapasuaji wa kazi hiyo, na Mloganzila, tawi la Hospitali ya Taifa Muhimbili, huwekwa puto tumboni, njia iliyo kati ya kisu na dawa, ambayo hutolewa baada ya miezi.

Bei ikishuka, wengi wataitazama bei ya kalamu ya kwanza ya kujidungia. Hapo napenda mwenye duka awe mwaminifu, kwa kuwa kalamu ya kwanza ya Wegovy ni ya miligramu 0.25, kipimo cha kuuzoesha mwili tu, ambacho hupandishwa kila baada ya wiki nne, 0.5, 1, 1.7, mpaka 2.4, na kabla ya kufunguliwa kalamu hizo hutakiwa kukaa katika jokofu. Asilimia 15 ya majaribio ilipatikana kwa waliolengwa kufikishwa kwenye kipimo hicho cha mwisho na kukiendeleza kwa mwaka mzima. Mnunuzi wa mapato ya kubahatisha, akikatiza mwezi wa tatu kwa kukosa fedha, atakuwa amelipia ngazi na hajafika ghorofani. Na huyo, kama madaktari wanamwona anastahili, heri aulize bei ya kisu kabla hajanunua kalamu ya kwanza.